Karatasi Isiyoota Ndevu

Jumatatu, 3 Juni 2024

Kalamu imefika! Loveness ameituma kwa basi kutoka Tanga, kaifunga ndani ya soksi isivunjike. Mwanangu huyu! Kalamu ya wino, ile ya kujaza, na chupa yake ya wino mweusi. Kaniandikia na kikaratasi: Mama, usiikandamize, iache itembee yenyewe.

Nimeiacha itembee. Imetembea! Tangu kiharusi cha Februari sijamaliza mstari. Peni ya kawaida inataka kukandamizwa, na mkono wangu wa kulia haukandamizi kitu, vidole viwili vya mwisho ganzi tupu. Lakini hii inateleza tu. Nimelia kidogo. Wifi Scholastica, dada wa marehemu mume wangu, tunakaa naye, kaniuliza nani kafa.

Tatizo karatasi. Nimeandika jina langu kwenye daftari la shule, herufi zote zimeota ndevu. Wino unasambaa pembeni, halafu unapenya mpaka nyuma. Nimegeuza ukurasa — kama kuku kachakura.

Jumatano, 5 Juni

Padre Valentino kaniita ofisini. Daftari la kwanza la ubatizo limechoka kabisa, ukilifungua linameguka kama mkate mkavu. Anataka linakiliwe lote, kwa mkono, kwa wino wa kudumu, ndani ya miezi miwili, kisha kurasa zishonwe kitabu. Nimeandika vyeti vya parokia hii miaka kumi na tisa. Kazi ni yangu, nani mwingine?

Nikodemo, katekista, kakohoa. Kasema apigiwe mtu wa kompyuta mjini, mama apumzike. Apumzike! Anavyosema utadhani nimeshalazwa kwenye jeneza.

Padre kaniangalia mkono. Mama Loveness, umepona?

Nikajibu nimepona, Padre. Kabisa.

Nimedanganya. Nimemdanganya padre ofisini kwake, na Mama Bikira Maria ananitazama pale ukutani. Ukweli ni kwamba ukurasa mmoja unanila asubuhi nzima, na mkono ukichoka kalamu inaanguka bila kuniaga. Lakini wakininyang'anya kuandika nitabaki na nini? Kupalilia siwezi. Ndoo siwezi. Nitakuwa mama wa kukaa kibarazani na kuulizwa kama nimekula.

Padre kanipa mpaka Jumamosi ya tarehe 22. Nipeleke ukurasa mmoja safi, mbele na nyuma, ndipo aamue.

Jumatatu, 10 Juni

Kaunta buku — gumu, jalada zuri jekundu. Nikasema hili ndilo. Ndevu! Nyuma ya kalenda ya mwaka jana, ile karatasi inayong'aa: wino haupenyi, ila haukauki pia. Nimesubiri mpaka chai imepoa, nikapitisha kiganja, kiganja cheusi, shavu jeusi. Wifi kacheka mpaka kakaa chini.

Karatasi ya manila ni nene mno, haiwezi kushonwa kitabu.

Naandika haya kwenye vipande tofauti na kuvitia kwenye faili. Shajara yangu imekuwa jalala.

Alhamisi, 13 Juni

Lushoto, siku ya soko. Nimekwenda steshenari kwa Rashidi. Shikamoo mama, pole na kuumwa. Kijana ana adabu. Nikamwambia sitaki karatasi nzuri kwa macho, nataka nzuri kwa wino. Kanipangia aina nne juu ya meza, kila moja nikaandika neno moja: Maria. Nikahesabu mpaka kumi, nikageuza. Rashidi naye kainama kutazama, kapendezwa kuliko mimi.

Ya tatu! Gramu mia, laini lakini haitelezi. Herufi zimesimama kila moja na mipaka yake. Nyuma peupe kabisa. Nimewaambia watu wote dukani. Mzee mmoja kasema hongera mama, sidhani kama alijua ya nini.

Nimenunua rimu nzima. Nimeiweka sandukuni chini ya kitanda, nimefunga na kufuli.

Jumatatu, 17 Juni

Siamini. Siamini!

Nimetoa karatasi ileile, kalamu ileile, wino uleule. Nimejipanga vizuri, nimenawa mikono, nimepiga ishara ya msalaba. Mstari wa kwanza — ndevu. Wa pili — ndevu. Nimegeuza, imepenya.

Rashidi kanipa nyingine? Hapana, alama ya kiwanda ni ileile. Au ni mkono? Labda nakandamiza bila kujua, ganzi inanidanganya. Hilo ndilo linaloniumiza. Karatasi mbaya utatafuta nyingine. Mkono mbaya utaupata wapi mwingine?

Ukungu tangu juzi. Hata mti wa parachichi mlangoni hauonekani. Sijala.

Jumanne, 18 Juni

Tena. Ndevu.

Jumatano, 19 Juni

Mungu si Athumani!

Niandike polepole, nisije nikaruka kitu. Asubuhi wifi alipanda darini jikoni kushusha mbegu za maharage. Kazishusha zimefungwa kwenye karatasi. Karatasi yangu! Siku ile nimetoka Lushoto alichomoa tatu kabla sijafunga sanduku, bila kuuliza, akafungia mbegu, akazitupa darini juu ya moshi pamoja na mahindi. Nimefoka! Nimemwambia yale yote ambayo mtu humwambia wifi yake mara moja kwa mwaka. Naye anajibu kwa Kishambaa, haraka haraka, anajua nikikasirika siwezi kumfuata.

Kwa hasira nikaichukua moja nikanyoosha mikunjo, nikaandika juu yake WIFI MWIZI.

Imekaa. Safi. Hakuna ndevu hata moja. Nikageuza — peupe!

Nikaandika tena. Nikaandika Baba Yetu nzima. Nyuma peupe. Nikakimbilia sandukuni (kukimbia kwangu huku), nikatoa nyingine, nikaandika: ndevu. Nikazilaza pamoja mezani. Ndipo nikaishika ya sandukuni vizuri kwa mkono wa kushoto, ule wenye akili. Inalegea. Ina ubaridi. Imekunywa maji!

Kumbe ni unyevu. Sanduku liko chini ya kitanda, kitanda kimeegemea ukuta wa mawe, na nje ukungu wa siku tano. Mwezi huu hata chumvi inageuka maji kwenye kopo. Kwa Rashidi mjini siku ile jua lilikuwa linawaka. Wino ukikuta karatasi imelowa unafanya nini? Unatembea.

Wifi kashika kiuno. Kasema mahindi tunakausha, maharage tunakausha, hata vitunguu tunakausha, na wewe mwalimu wa kuandika umeilaza karatasi na baridi. Nimemuomba radhi. Kadai nisugue yale maneno, lakini wino wa kudumu hausuguliki.

Rimu nzima iko darini sasa, ndani ya gunia safi, mbali kidogo na moshi.

Si mkono. Si mkono wangu! Nimekula sahani mbili za makande.

Ijumaa, 21 Juni

Nimepeleka karatasi kumi ofisini kwa majaribio, nimezifunga kwenye kitenge. Ofisi ile ni ya mawe, kuta nene, ndani kama kisimani. Ya kwanza safi. Ya pili safi. Ya tano, ndevu zimeanza. Nikodemo kasimama nyuma yangu ananipumulia shingoni. Kasema si nilisema, kompyuta haina ndevu. Ana wema wake, kwa kweli, mkewe Secilia ndiye anayenichukulia dawa zahanati. Lakini leo nilitamani kumpaka wino puani.

Padre kaingia. Nikamweleza yote: dari, moshi, maharage. Nikamwambia kwa heshima, Padre, karatasi hii hapa ofisini haiandikiki, inaandikika jikoni kwangu tu. Nilidhani atacheka. Kasema basi kesho nitakuja jikoni.

Padre! Jikoni! Wifi kachukua ufagio hata sijamaliza kumwambia.

Jumamosi, 22 Juni

Naandika haya Padre akiwa mbele yangu.

Amefika saa nne. Tumsifu Yesu Kristo, milele na milele, amina. Kakataa kiti cha sebuleni, kakaa kwenye kigoda, magoti yamefika kidevuni. Wifi kampa chai ya tangawizi na viazi vya kuchemsha. Mgeni njoo, mwenyeji apone: hata mimi leo nimepata viazi vyenye siagi.

Kaangalia dari, kaangalia gunia, kagusa karatasi kwa vidole kama mtu anayenunua kitambaa. Kisha kasema: andika, Mama Loveness. Andika chochote. Sisomi, natazama mkono na karatasi.

Nilitaka kuandika Salamu Maria. Mkono ukakataa, ukaganda. Nikaanza haya, kama kila siku, na umekubali. Unatembea. Moto unawaka, karatasi imekauka vizuri, herufi zimesimama wima. Mstari wa kumi na tano huu, hakuna ndevu. Ningejua ni rahisi hivi!

Padre anapuliza chai. Haoni ninachoandika, yuko ng'ambo ya mafiga. Basi niseme na hili, maana limenikaa kooni wiki mbili na leo nina furaha. Sijapona kabisa, Padre. Vidole viwili havisikii kitu. Ukurasa mmoja ni asubuhi nzima, na lile daftari lina kurasa mia mbili na kitu. Si kazi ya miezi miwili kama ulivyosema. Ni ya mwaka, labda na zaidi. Nilisema nimepona kwa sababu niliogopa utampa mtu wa kompyuta. Naitaka kazi hii kuliko nilivyowahi kutaka kitu tangu mume wangu afariki. Hapo. Nimeshusha mzigo. Mabega yamekuwa mepesi kabisa, nahisi hata vidole —

Padre amesema inatosha. Kasema mkono ni mzuri, hajaona ukitetemeka. Sasa anataka karatasi yenyewe, aigeuze aone nyuma.

Aione nyuma tu, kasema.

Anatoa miwani mfukoni.

Wifi ananitazama, haelewi kwa nini sijasimama. Moto uko hapa karibu, umbali wa mkono mmoja tu, ningeweza kusema imeniponyoka. Ndiyo tabia ya mkono wangu, nani angenilaumu. Na darini zipo nyingine mia nne na zaidi. Ningeandika Salamu Maria.

Nimeigeuza mimi kwanza. Nyuma peupe, hata nukta hakuna.

Amenyoosha mkono. Anavaa miwani. Namalizia neno hili, nampa.