Kesho Sitajifunga Kanga

Mama,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini mkono umekataa kuandika kabla sijakuamkia.

Lile tumbo lako la kuvimba limenijia mimi. Limeanzia palepale, chini ya mbavu za kulia, na nikila matonge mawili tu nimeshiba. Tangu uondoke, hapa Nyakato viwanda vya samaki vimeongezeka, nami nimepata kazi ya kukata minofu ya sangara. Nilikuwa najifunga kanga yako kwa nguvu chini ya aproni, kama ulivyojifunga wewe, wasije wakaniuliza mimba ni ya nani. Juzi nikaanguka, kisu mkononi.

Hospitali wamenipiga picha ya ultrasaundi. Daktari, binti mdogo kuliko mimi, akanionyesha duara jeusi kwenye ini. Ni kifuko cha maji, si kansa, si mkono wa mtu. Na hawapasui. Wanatia ganzi, sindano ndefu inapita kati ya mbavu huku wakiifuata kwenye kioo cha mashine, wananyonya maji, kisha wanaingiza spiriti ya kukausha kifuko ili maji yasirudi. Nitakuwa macho muda wote.

Nikamweleza habari za tumbo lako. Akasema huenda lilikuwa hilihili, ila hawezi kuapa maana hakukupima. Akauliza ulitibiwa nini. Nikasema chale.

Unakumbuka kivukoni Kigongo? Ulikaa chini ukasema, "Kabula, nimechoka. Tujaribu hospitali." Mimi nikakuambia watakupasua na hutatoka mzima. Nikakushika mkono, tukavuka kwenda kwa mganga. Chale zikatunga usaha, homa ikapanda, wiki ya pili tukakuzika. Watu waliposema umerogwa, niliitikia. Ilikuwa rahisi kuitikia.

Naogopa sindano, Mama, sikufichi. Lakini naogopa zaidi kupona. Nikipona nitaamini kwamba ugonjwa wako ulikuwa wa kupona, na kwamba mimi ndiye niliyekuvusha.

Nisamehe. Asubuhi nitakwenda, na kanga yako nitaiacha imekunjwa kitandani. Nakuahidi, nikirudi nitawaambia ndugu wote, nikianza na mama mdogo, uliomba nini pale kivukoni na nani aliyekukatalia.

Pumzika, Mama. Kesho twende wote hospitali, kama ulivyotaka.

Mwanao,
Kabula