Ukuta wa Mjomba

Dada yangu,

Mama bado anakohoa, ila anakula. Mji mzima umepakwa rangi kwa ajili ya mashindano.

Ofisini tuliamriwa tusitoe kibali chochote cha ujenzi barabarani mpaka wageni waondoke. Mjomba alikuja dirishani kwangu kuomba ruhusa ya kuweka magogo kando ya njia ya wakimbiaji, auegemeze ukuta wake uliopasuka.

"Vumilia wiki mbili tu, Mjomba."

"Ukuta hausomi matangazo, mwanangu."

Juzi ulimwangukia. Tumemzika bila wewe, maana barabara zimefungwa mpaka fainali. Mkewe ananishukuru kutwa kwa kumpikia uji. Sijathubutu kumwambia kwamba muhuri wa kumkatalia niliugonga mimi.

Usimwambie Mama.

Mdogo wako