Mshale Unaocheza Asubuhi

Goma, Alhamisi, Juni 1956. Jioni, taa bado hazijawashwa.

Daftari langu, mawingu yamelifunika ziwa tangu saa tisa na hewa imekuwa nzito, ya joto. Siku nyingine ningeshukuru, maana kiangazi hiki baridi yake inaingia mpaka kwenye meno. Leo nayachukia mawingu haya.

Nitaandika toka mwanzo, polepole, nisije nikapasuka.

Jumatatu lilirudi gari la Bwana Kahawa. Ndivyo sisi mafundi tunavyomwita yule Mzungu mwenye shamba la kahawa kule milimani, njia ya Rutshuru. Gari ni la kabla ya vita, limechoka, lakini analipenda kuliko mbwa wake. Kwenye dashibodi lina saa mbili. Moja ni ya mwendo. Ya pili inaonyesha injini inazunguka mara ngapi kwa dakika, na vitabu vinaiita takometa. Sisi wa gereji tunaiita saa ya injini. Mshale wake ulikuwa umeingiwa na wazimu. Kila asubuhi unaruka, unaanguka, unaruka tena. Ikifika saa nne unatulia kama vile haukufanya kitu.

Patro, yaani bosi wetu mwenye gereji, akanipa kazi mimi, kwa kuwa ndiye fundi mkongwe pale. Nikaanza na saa yenyewe. Niliichomoa nikaizungusha kwa vidole kwa nyuma, mshale ukapanda vizuri ukashuka vizuri. Haikuwa na neno. Jumanne nikatazama gia ndogo iliyo nyuma ya dinamo, ile inayozungusha waya. Meno yote mazima. Ukabaki waya tu, ule mrefu unaozunguka ndani ya ala yake toka injini mpaka kwenye saa.

Kabla sijaugusa siku hiyo, Bwana Kahawa aliingia, akaiona saa yake juu ya meza, akaona mikwaruzo miwili pembeni, akaanza kupiga kelele kwamba ile siyo saa yake.

Wiki tatu nyuma, aliyeifungua dashibodi ile kutengeneza taa ni Saidi. Saidi ni fundi wetu wa umeme, kijana wa kizazi cha Maniema, mtu wa sala zake na utani wake. Kaka yake anafanya biashara Bunagana, mpakani. Kwa Bwana Kahawa hayo yalitosha. Saidi kaiba saa nzuri, kaka kaiuza ng'ambo, na mahali pake wamepachika kinyago cha saa. Patro akamwambia Saidi, mbele yetu sote, kwamba saa ya kweli iwe imerudi kabla ya Ijumaa saa mbili asubuhi. Isiporudi, polisi.

Ijumaa ni kesho.

Saidi alinifuata nje, nyuma ya mapipa. Akasema, "Papa Faustini, weye unanijua myaka sita. Nilishaiba hata musumari moja?" Nikamwambia hapana. "Basi uambie batu." Nikamwahidi nitawaambia.

Jana mchana, wenzangu wakiwa wanakula, niliuvuta ule waya kutoka kwenye ala yake. Ulitoka kwa shida, umenata, una utando wa njano uliochanganyika na vumbi jeusi la barabara zetu. Nikaunusa. Haikuwa harufu ya grisi.

Ilikuwa siagi ya ng'ombe. Na aliyeitia ni mimi.

Wiki tatu zilizopita, gari lile lilipokuja kutengenezwa taa, mimi nilitakiwa niupake waya huu grisi; lakini grisi ilikuwa imekwisha, pipa jipya halijafika, na Bwana Kahawa amesimama kichwani kwangu anataka gari lake. Ndani ya mfuko wangu wa chakula kulikuwa na kopo dogo la siagi ambalo mama mkwe huwa anatuletea kutoka Masisi. Kwetu siagi hupakwa kila kitu: ngozi, kamba, miguu ya watoto, kichwa cha bibi arusi. Sikuona ajabu. Mafuta ni mafuta, nikasema moyoni, nikaupaka waya wote mpaka ukang'aa, nikajisifu kwa akili yangu. Sikufikiria kwamba siagi hulala ngumu kwenye baridi. Alfajiri waya hushikwa, hujisokota, kisha hujiachia kwa ghafla, na mshale unaruka. Injini ikipata moto siagi inalegea na mshale unatulia. Siku mbili nilikuwa natafuta mchawi kwenye saa na kwenye gia. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa ndipo aibu yangu inapoanza, daftari. Sikumwita mtu. Nilitazama mlangoni, nikauosha waya kwa petroli, nikapaka grisi ya kweli, nikarudisha kila kitu mahali pake. Nilijiambia: saa ikipona, maneno yatakwisha, Saidi ataokoka na mimi nitaokoka. Jana jioni nilikula vizuri. Hata nilicheka nyumbani.

Leo asubuhi patro aliwasha gari. Mshale ulipanda ukasimama, umetulia kabisa.

Akamgeukia Saidi, akacheka kicheko kibaya. Akasema, basi umeogopa, umeirudisha usiku.

Sikuwa nimeliwaza hilo hata kidogo. Wema wangu wa kujificha umekuwa ndio ushahidi wa wizi wake. Patro akachukua kitabu cha kazi cha Saidi, ambacho bila hicho mtu haajiriwi popote, akakitia mfukoni, akasema kesho saa mbili Bwana Kahawa atakuja pamoja na polisi, maana mwizi anayerudisha bado ni mwizi. Saidi hakumtazama patro. Alinitazama mimi, akingoja ile ahadi. Nami nikainama kuokota spana ambayo haikuwa imeanguka.

Nimeandika hivyo ili nisije siku moja nikajidanganya kwamba sikuona macho yake.

Mpaka mchana Saidi alikaa peke yake juu ya tairi, hakufanya utani na mtu. Mke wake anatarajia kujifungua mwezi huu. Saa nane nikasema heri yanikute mimi, nikaenda kwa patro, nikavua kofia, nikamwambia yote: grisi kwisha, siagi, petroli.

Hakuniamini! Miaka kumi na moja nimemfanyia kazi, na siku niliyosema kweli ya kuniumiza mwenyewe ndiyo siku aliyoniona mwongo. Akasema, "Weye unamufichia mwenzako. Siagi ya kula, ndani ya gari?" Nikamwomba kitu kimoja tu. Aniruhusu niutie waya siagi tena mbele ya macho yake, gari lilale gerejini, funguo akae nazo yeye, na kesho saa kumi na mbili aliwashe kwa mkono wake.

Kisha akakubali, na akaweka masharti. Mshale ukicheza, Saidi anapata kitabu chake, na mimi nakusanya vyombo vyangu. Usipocheza, polisi watachukua wawili.

Nikakimbia nyumbani kuchukua kopo. Mke wangu, Mama Venansia, alitaka kujua siagi inaenda wapi saa za kazi. Nilipomweleza alishika kiuno. "Siagi ya mama yangu ndo inafunga mutu?" Halafu akaona uso wangu, akaacha mzaha, akanipa kopo. Siagi ni ile ile ya siku ile, imebaki kidogo chini. Patro alisimama juu yangu nikipaka, akanusa kopo, akakunja pua. Saidi alikuwa mlangoni. Hakuniambia asante, wala sikuistahili. Aliniuliza tu, "Itacheza?" Nikamjibu itacheza.

Lakini sijui. Mara ya kwanza waya ulikuwa na vumbi la wiki tatu; sasa una siagi tupu. Na sasa mawingu haya! Wiki nzima anga limekuwa wazi na asubuhi zimekuwa za kutetemesha, na leo, leo hii, joto limefunikwa juu yetu kama chungu na kifuniko chake. Siagi isipoganda, mshale utasimama umenyooka, na Saidi atafungwa buloko, jela, kwa sababu mimi niliona haya ya kopo moja la siagi.

Nimetoka nje mara nne kuangalia juu. Upande wa milima naona kama kuna mpasuko mdogo kwenye mawingu. Labda macho yangu yanautaka tu.

Kazi nitaikosa vyovyote vile, na sijali kama nilivyodhani ningejali. Nimeomba kitu ambacho sijawahi kukiomba tangu nizaliwe: Mungu, leta baridi.

Mama Venansia ameniuliza kama atandike blanketi la pili, maana mimi ni mtu wa kusikia baridi sana. Nimemwambia ayaondoe yote mawili upande wangu. Nataka nitetemeke mpaka asubuhi.