Mimi Nani?

Jumanne, baada ya isha

Hasira haijanitoka. Mtoto wa watu unamfukuza kazi mbele ya wateja, kama paka jikoni!

Kompyuta ya duka la vitenge pale Kariakoo ilikuwa inafuta oda za wateja. Sehemu ya programu inayofuta aliiandika Salma, mjukuu wangu, basi tajiri wake akamlaumu yeye. Salma akasema sehemu ile haifuti mpaka iitwe, ila anayeiita hajulikani.

"Ni kama hodi, bibi. Unauliza nani, unajibiwa mimi."

Akaweka mlinzi humo kwenye programu, maandishi ya kuvizia anayeita, bila kugusa kazi yenyewe. Kwanza alimweka kwenye sehemu yake inayoitwa, mlinzi akaona oda zinafutwa tu, anayeita hakumwona. Akamhamishia upande wa wanaoita, akanasa. Kumbe inayoita ni sehemu aliyoandika Jamali, mpwa wa tajiri! Jana Salma kamwonyesha tajiri, na aliyefukuzwa ni Salma. Haya ni mambo gani?

Leo magharibi, hodi.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani? Huna jina?"

"Jamali, bibi. Shikamoo. Salma anaitwa kazini kesho."

"Marahaba. Anaitwa na nani?"

"Mjomba."

"Mjomba wako hana miguu? Alimfukuza kwa mdomo wake, aje amwite kwa mdomo huo huo."

Kijana akaondoka. Salma kasikia yote, akaingia chumbani. Kazi ile aliihangaikia sana, na kama nimemharibia...

Tajiri asipokuja, asubuhi nakwenda mwenyewe kupiga hodi dukani kwake. Na jina langu nitalitaja lote.