Dirisha la Nyuma la Darasa la Mkwe Wangu

Usevya, Mpanda
Baada ya mavuno

Mwanangu Masanja,

Ng'wangaluka. Umeamkaje, na mkeo ameamkaje, na huyo mdogo aliyezaliwa ananyonya vizuri? Huko Maswa pamba imekubali mwaka huu, au mmeishia kutazama mawingu? Sisi tuko wazima. Goti langu la kushoto linalalamika asubuhi, lakini nikishafika mtoni linanyamaza. Ng'ombe wako salama kwa kaka yako, na mpunga tumepata wa kula na wa kugawa. Anayeniandikia ni dada yako Minza, na nimemwonya asipunguze hata neno moja, hata pale ninapomsema mumewe.

Barua yako ilifika. Unajua nani amenisomea? Kabula. Binti yako mwenyewe, huyo uliyeandika kwamba hana kichwa cha shule na unakuja kumchukua aje huko kubeba mtoto. Alikaa kwenye kigoda, akaanza kusoma maharage yakiwa hayajachemka, akamaliza yameiva. Alikwama mara nyingi, akarudi nyuma, akaendelea. Alipofika pale pa yeye kuacha shule alisoma kama alivyosoma pengine pote. Kisha akakunja karatasi akaniuliza, "Bibi, nani kamwambia baba kwamba sina kichwa?"

Nikamjibu, "Huyo huyo aliyemuoa shangazi yako."

Minza, andika hivyo hivyo.

Sasa tulia nikueleze, maana hata mimi niliamini. Mkwe, ambaye ndiye mwalimu wake, alimwambia Minza, Minza akaniambia mimi, na wewe ukaandikiwa: Kabula amerudia darasa la pili na atarudia tena. Nilimtazama mtoto hapa nyumbani, anajua ndama yupi katoka kwa ng'ombe yupi, na huyo naye katoka kwa yupi, nikajiuliza akili hii yote inapotelea wapi njiani. Lakini mimi sijui kusoma. Ningebishana na mwalimu kwa lipi?

Mwaka huu tumepata mwalimu mkuu mpya. Ni mama Mfipa, mfupi, sauti yake inafika kabla yake. Shule yenyewe iko mbali na Usevya, kwenye kitongoji hiki tulikohamia na mifugo mwaka ule wa uchaguzi wa vyama vingi. Akatangaza kwamba kila Alhamisi wazazi wachache waje wakae darasani, waone watoto wanavyofundishwa. Watu waliogopa. Huku mzazi akiitwa shule ujue mtoto kavunja kitu. Jirani yangu Mama Ngolo alikwenda na kuku mkononi wa kuombea msamaha. Mwalimu mkuu akamwambia, "Mama, hakuna kosa, keti utazame." Akatazama kipindi kizima na kuku wake mapajani.

Zamu yangu ilipofika nikajifunga kanga mpya nikaenda. Nilijua darasa la Kabula linafundishwa na mkwe, lakini nilidhani siku ya wageni watampa mtu mwingine. Nafika mlangoni, ni yeye.

Wewe mila yetu unaijua, lakini naisema ili Minza asijifanye kasahau. Mimi na mume wa binti yangu hatutazamani usoni, hatukai chini ya paa moja, na jina lake halipiti mdomoni mwangu. Tukikutana njiani mmoja anaingia majanini. Yeye ni Mnyamwezi wa Urambo, kalelewa vizuri, anayashika hayo kuliko hata vijana wetu. Aliponiona aligeukia ubao kama mtu aliyeungua.

"Karibu ndani, bibi," mwalimu mkuu akasema. "Kiti chako hiki hapa mbele."

"Siingii."

"Kwa nini tena?"

"Humo ndani kuna mkwe wangu."

Wazazi wakacheka. Mzee mmoja Mpimbwe, mwenyeji wa huku na mjumbe wa kamati ya shule, akadakia, "Mama, hii ni shule ya serikali. Hapa hakuna mkwe."

"Serikali ndiyo iliyomzaa Minza?" nikamuuliza.

Nikazunguka nyuma ya jengo. Kule kuna dirisha, yaani tundu tu la ukutani lisilo na kitu. Nikapanga matofali mawili chini yake, nikakaa mgongo ukutani, nikasikiliza.

Mwanangu, nilisikia kelele. Kuta zao hazifiki juu, na upande wa pili darasa la tatu walikuwa wanaimba kuzidisha. Sauti ya mkwe ikifika huku nyuma imeshachanganyika na zile. Nikajifunika kanga kichwani, nikachungulia kwa jicho moja. Chini ya dirisha, ningenyoosha mkono ningemgusa, alikuwa Kabula. Wamemweka nyuma kwa sababu ni mrefu. Wenzake wa nyuma wote ni watoto wetu wa wafugaji, wanaotoka mbali na kukuta madawati ya mbele yamejaa. Kule mbele wadogo wananyoosha vidole, na wazazi, waliokaa karibu na ubao, wanatabasamu. Kabula alikuwa anatazama daftari la mwenzake, na mwenzake anatazama la mwenzake.

Nikatazama ubao. Masanja, mimi ng'ombe wangu namtambua akiwa ng'ambo ya mbuga, na nitakwambia ana mimba au hana. Ubaoni sikuona kitu. Umechakaa umekuwa rangi ya majivu, na jua la mlangoni likiupiga linarudi lote machoni. Sijui kusoma, sawa. Lakini kitu kikiwepo nakiona, na pale hapakuwa na kitu.

Kipindi kilipoisha mwalimu mkuu akaomba wazazi waseme waliyoyaona. Wakasifu, huyu akimaliza yule anapokea. Nikagonga ukuta.

"Mwalimu mkuu," nikasema, uso nimeuelekeza porini, "mwambie mwenye darasa kwamba watoto wa huku nyuma hawaoni ubao."

Mkwe naye akasemea ukutani, "Mwalimu mkuu, mwambie mama aliyeko nje kwamba watoto wa nyuma wanapenda mchezo."

"Mwambie mtu asipoona, mchezo ndio unaombakia."

"Mwambie darasa hili nimelifundisha miaka minne."

"Mwambie kalifundisha akiwa amesimama mbele. Aje akae alipo Kabula, asome yeye."

Mwalimu mkuu alikuwa anageuza shingo huku na huku, na sote tunasikiana vizuri tu. Watoto wakashindwa kujizuia, wakaangua kicheko. Nikasikia viatu vinakuja nyuma, nikainama haraka. Mkwe akaketi pembeni ya Kabula, mgongo wake kwangu, ukuta katikati yetu. Hatujawahi kuwa karibu hivyo tangu amuoe Minza.

Akasema, "Haya, mwalimu mkuu, andika neno lolote."

Mwalimu mkuu akajibu kutoka mbele, "Nimeshaandika."

Nikamsikia mkwe anavuta pumzi, kisha anamuuliza Kabula kwa sauti ya chini, "Siku zote unaona hivi?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani ndivyo ubao ulivyo."

Hapa Minza kaweka kalamu chini. Nimemwambia aishike tuendelee, kulia atalia kwake.

Jumamosi yake tulikwenda akina mama. Tulitwanga mkaa na ule unga mweusi wa betri za redio zilizokufa, tukachanganya na majani ya matembele, tukaupaka ubao mpaka ukawa mweusi kama chungu. Yule mzee wa kamati akatundika mkeka wa matete mlangoni kuzuia jua. Mkwe hakuwepo, kwa hiyo niliingia. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuingia darasani tangu nizaliwe. Nilikaa kidogo pa Kabula, nikaenda nikakaa kidogo mbele, nikatoka. Mbele ni pazuri. Sikusema kitu kwa wenzangu, lakini wewe nakwambia: ni pazuri sana.

Siku hizi kila Jumatatu wa mbele wanarudi nyuma na wa nyuma wanakwenda mbele. Na Alhamisi siko peke yangu dirishani. Wanakuja wenye wakwe na wasio na wakwe, wanasema nyuma ndiko mambo yanakoonekana. Mwalimu mkuu ametuwekea gogo la kukalia. Kabula herufi alikuwa anazijua zamani, za kuibia kwenye madaftari ya watu. Alipoanza kuziona zikiandikwa, haikuchukua muda.

Mkwe ametuma neno kwa Minza niliweke humu. Anasema: shemeji, yale niliyosema juu ya mtoto yafute, nilikosea, na mwakani anaingia darasa la tatu. Mimi hajaniambia kitu, na hatakiwi kuniambia. Nimempenda zaidi kuliko nilivyompenda siku anatoa mahari.

Sasa shauri lako. Mkeo amejifungua, anahitaji mikono, hilo najua, nimezaa. Mlete huku na mtoto wake wakae kwangu mpaka apate nguvu, nitambeba mimi, mgongo bado ninao. Au mwombe mdogo wake aje amsaidie. Kabula haji. Wewe ulichelewa kutembea mpaka majirani wakawa wananipa pole. Nilikupeleka kwa mtu? Nilikubeba, nikangoja.

Kama bado unabisha, panda treni mpaka Mpanda, dandia lori la mpunga, ufike kabla ya Alhamisi. Ukae darasani umtazame mwanao akisimama kusoma. Wewe mle ndani huna mkwe, una shemeji tu, utapita mlangoni kama watu. Ukishamwona na kumsikia, ndipo uje hapa uniambie usoni kwamba nifunge mzigo wake. Nitakusikiliza mpaka mwisho. Halafu utanisaidia kuchota maji urudi kwa mkeo.

Nisalimie baba yako mdogo, umwambie kikohozi hakiponi kwa ubishi. Shangazi yako Holo mwambie namkumbuka kila nikila ugali wa mtama. Mkeo mpe pole ya uzazi na umpikie uji wewe mwenyewe, mikono haitakatika. Mtoto mpulizie jina langu sikioni. Kabula nimemuuliza kama ana la kuongeza. Kasema hana hasira nawe, ila usije siku ya Jumatano maana ni siku ya kulima shamba la shule, hutaona kitu.

Ni mimi mama yako, ninayekupenda na kukukatalia,

Nyanzobe