Papa Aje Mwenyewe

Papa,

Nimekasirika. Naanza na hilo, juu ni wewe ulinifundisha kwamba mugonjwa anasema kwanza pahali panapomuuma.

Nimeomba tena ile nafasi ya kusoma udaktari Tanzania. Mara ya pili, na bado wananidai kilekile: nithibitishe kwamba wewe ni baba yangu! Kwao mutoto anabeba jina la baba. Mimi Nsimire, wewe Mushagalusa, mudogo wangu Bahati naye ana lake, na hapa Bukavu hakuna mutu anayeshangaa. Nimewaandikia mara tatu kueleza kwamba kwetu Bashi kila mutoto anapewa jina lake mwenyewe. Wanajibu kwa adabu sana: "Tafadhali ambatisha cheti cha kuzaliwa."

Cheti gani, Papa? Miaka yote ulikuwa infirmie, muuguzi wa kupokea watoto kule Katana, ukaandika watoto wa watu wote, na mimi wa kwako ukaniacha. Mwaka jana nilipokuomba uende komini, kwa ofisi ya serikali, uniandikishe, ulisema, "Lundi, mwanangu. Jumatatu asubuhi nitaenda." Lundi zikapita, siku ya mwisho ya kutuma dosye, zile karatasi zangu za maombi, ikapita, halafu homa ikakubeba na wewe. Muganga hajigangi, najua. Lakini karatasi moja tu, jamani!

Basi nikaenda komini mwenyewe. Yule bwana wa kuandikisha watoto hakuinua hata macho: "Papa aje mwenyewe atangaze." Nikamuambia Papa tumemuzika. Akasema, "Basi atume mutu." Papa, nilicheka mupaka watu wa foleni wakageuka. Ungekuwepo tungecheka wote wawili, na Maman angetugombeza.

Akanituma tribinali na mashahidi wawili. Maman alikuja. Kutoka Katana akaja Maman Sifa, yule mukunga muzee uliyefanya naye kazi, na rejista ya zamani aliyoazima kwa masista. Kwenye ukurasa ule kuna mutoto aliyenitangulia na mutoto aliyenifuata, mwandiko wako uleule mwembamba. Katikati kuna namba, kuna kilo tatu, halafu mustari mutupu. Jaji akauliza kwa nini. Maman Sifa akajibu, "Mukubwa, alimupokea kwa mikono yake mwenyewe. Akaanza kuandika, kalamu ikamushinda. Alikuwa analia."

Wewe! Wewe uliyetuambia kila siku infirmie halii kazini! Nilikuwa nimekuja na hasira ya mwaka muzima, ikaniishia palepale mbele ya jaji, nikalia kama mupumbavu. Maman alinipa kitambaa chake cha kichwa.

Karatasi nimepata, nimeituma. Jana wamejibu: dosye iko kamili, sasa wataisoma. Wasiponichukua nitaomba mara ya tatu, na safari hii hawana tena cha kuniuliza juu yako.

Nimekukumbuka, Papa. Nimekukumbuka vibaya sana. Kiti chako cha barazani Bahati amekikalia mara moja tu, akainuka.

Pumuzika sasa, lundi zako zimekwisha. Na nakuahidi kitu kimoja: mutoto wa kwanza nitakayemupokea kwa mikono yangu, nitaandika kwanza jina lake na la baba yake. Kulia nitalia baadaye.

Nsimire,
mutoto wako, tribinali imesema.