Kamba ya Nanga

Bunia, Jumapili tarehe 8 Machi. Asubuhi ukungu, kisha manyunyu.

Mjukuu wangu Furaha, salamu nyingi kutoka mtaani kwetu Nyakasanza. Mama yako amepona malaria, ameanza tena kuuza sokoni.

Unaniuliza kama umkataze mchumba wako kwenda kufanya kazi Kinshasa. Nimefungua daftari langu la zamani, na bado nimechanganyikiwa.

Kabla hatujaoana, babu yako aliendesha mashua ya tanga ya daktari mmoja kule Kasenyi, ziwani. Siku moja alinichukua pamoja na dada yake, tukapita kandokando ya ziwa, kutoka ghuba moja tulivu hadi nyingine. Alikuwa amepata kazi Kisangani, na jioni alitaka jibu langu: aende ao abaki?

Kila ghuba nilibadili jibu moyoni. Kwenye ya tatu aliniomba nifunge kamba ya nanga. Mimi, mtoto wa milima ya Kpandroma, niliifunga fupi, kama tunavyofunga mbuzi asile mahindi ya jirani. Tulipokuwa tunakula samaki ufukweni, mashua ikaondoka yenyewe. Babu yako akaifuata kwa kuogelea.

"Weye, uko unafunga mbuzi?" akanichekea, maji yakimtiririka. "Kamba murefu njo inashikaka!"

Akairefusha, nanga ikalala chini na kuuma mchanga, mashua ikatulia. Sikuelewa: kitu kilichoachiliwa kinashika namna gani?

Jioni nilimjibu. Daftari linasema hivi tu: "Nimemwambia aende. Sijui kwa nini. Nimelala saa tisa ya usiku."